Glasi ya Gudrun

…na hilo jicho lake, hilo jicho, maana hapa kwetu Jutland hunywi kabla hujamtazama mwenzio usoni, na Holger Bundgaard, mwenyekiti wa chama cha watengeneza mabomba ya saruji, kamkazia Gudrun macho kama mwenye shamba, glasi zote ziko juu, ya Gudrun tu imekwama kidevuni… katibu kalifunga daftari la kikao, ndiyo desturi yao, daftari likifungwa huletwa samaki wa siki na pombe kali, halafu kikao chenyewe ndiyo kinaanza, "Zabuni ya mabomba ya manispaa safari hii ni yako, binti yangu, sisi tutataja bei za juu, wewe utashinda, mwakani ukae pembeni," kasema Holger huku anapaka mkate siagi, hana haya hata chembe, na hawa wengine wanaguna kwa kuridhika, mafisi wakubwa… mwanasheria wake alimwambia kukaa kimya ni kukubali, ukisikia wanapanga bei pinga kwa sauti, dai iandikwe, kisha toka, tena mwaga kahawa ukitoka, wote wakumbuke kwamba uliondoka… rahisi kwake, yeye hanunui kokoto kwa Holger, Holger akifunga machimbo yake wiki moja tu kiwanda cha Gudrun kinalala, na watu arobaini wanarudi nyumbani, shetani huyu analijua hilo, ndiyo maana anatabasamu… "Afya, basi! Mkono utakufa ganzi," anasema, wanacheka, "Marehemu baba yako hakuwa mgumu hivi, Aksel alikuwa muungwana, zamu yake alikunywa, na zamu yetu alikunywa"… zamu? zamu gani… baba mlangoni na keki yenye vibendera, tumeshinda zabuni, Gudrun, tumewabwaga!, Gudrun akiwa na miaka sita, akapiga makofi, halafu tisa, halafu kumi na mbili, kampuni zilikuwa tatu wakati huo, tatu, kila moja na mwaka wake, Mungu wangu, bahati gani hiyo inayofuata kalenda, hakumbwaga mtu yeyote, mwongo yule, aliletewa ushindi kwenye sahani kama huu, akamlisha mwanawe keki ya wizi, naye miaka yote hii anamchukia Holger peke yake… "Gudrun?" glasi bado iko kidevuni, imejaa, wote wanangoja, Holger hajapepesa jicho, na Gudrun, anayewachukia sasa wote wawili, aliye hai na aliye kaburini, anavuta pumzi ya kupinga kwa sauti itakayofika mpaka jikoni.