Upande wa Ukutani

Fundi redio hakwenda ukweni kubembeleza mtu. Alikwenda kushitaki. Alijitupa kwenye kochi la shemeji yake, akakohoa, akaanza.

"Shemeji, dada yako ana kiburi. Namwita kutoka kwenye meza yangu ya kazi, naye yuko jikoni hapo hapo, ananinyamazia. Mimi, ninayeletewa redio bubu zikaongea!"

"Umemuuliza kwa nini?"

"Kiburi kinaulizwa? Hata kitandani kaniacha. Miaka yote tunalala vizuri, leo kahamia upande wa ukutani. Mimi nimechoka. Abaki hapa kwenu mpaka akili imrudi."

Mkewe alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, anavuta uzi uliochomoza kwenye gauni. Hakujitetea, na hilo nalo fundi akalitia kwenye hesabu ya kiburi. Shemeji alishusha pumzi. "Kama mmefika huko, basi abaki." Na fundi, Mungu amsamehe, akajisikia mshindi.

Hapo shangazi, aliyemlea bibie tangu mchanga, akatokea jikoni na sinia la chai. Akasimama kushoto kwake. "Nipishe mwanangu, nisikuunguze." Kimya. Akarudia. Bibie akaendelea na uzi wake.

"Mnaona?" fundi aliruka. "Hata shangazi yake!"

Mkewe akamtazama yeye, wala si shangazi, hajui kosa jipya ni lipi. Shangazi akajipenyeza nyuma ya stuli, akatokea upande wa kulia, akasema kwa sauti ile ile ndogo, "Nipishe mwanangu."

"Ai, samahani shangazi!" Bibie akasimama mbio, akampokea sinia, akaliweka mezani na kurudi kwenye stuli.

Mdomo wa fundi ulibaki wazi. Kila siku yeye ndiye anayewafokea wateja wasitupe redio kabla ya kukagua waya. Meza yake ya kazi iko kushoto mwa jiko. Na yule mzee jirani, mwenye sikio moja bovu, ni nani aliyembandika jina la Spika Moja, akamwigiza kila jioni ukumbini? Zamani mkewe alikuwa akicheka. Siku hizi alikuwa anainuka na kwenda kuosha vyombo.

Angeweza kunyamaza. Shauri lilishakatwa, na hakuna mwingine aliyeshtuka. Lakini uso ulimwaka hadi shingoni.

"Shemeji, futa yote niliyosema," alisema, macho yakiwa sakafuni. "Hana kiburi. Hasikii upande wa kushoto. Fundi mzima, nalala naye, nimeshindwa kujua."

Aliinuka, akazunguka stuli, akachuchumaa kulia kwa mkewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili uniite Spika Moja?"

Alitamani sakafu immeze. Hata hivyo akauliza lile lililobaki, kwa sauti ya chini kabisa. "Na ukutani je?"

"Ulikuwa unalala kushoto kwangu," mkewe alisema. "Nilihama ili nikusikie."