Kidole Gumba cha Biasha

Mwaka ule wa themanini na nne, uvumi ulifika Visiga kabla ya sukari ya duka la ushirika: eti kule Mlandizi kuna msichana kidole gumba kimemfia kwa kubonyeza gemu, hata mwiko hashiki. Mwamvita aliusikia kisimani, akarudi nao nyumbani, akala nao, akalala nao.

Alikuwa na sababu. Binti yake Biasha alikuwa akisuka ukili wa mkeka wa harusi yake, mkeka ambao mama mkwe huupapasa mshono kwa mshono. Na mjomba Isihaka, baharia, alikuwa amemletea mpwawe gemu mbili za mkononi, za betri. Moja ilikuwa na vitufe vinne vilivyoachana. Nyingine ilikuwa na kitufe kimoja tu, chenye umbo la alama ya kujumlisha.

"Hii ya kujumlisha, yenye pembe, ndiyo inayoua vidole," Mwamvita aliamua, akaifungia sandukuni.

Wiki haikuisha, gumba la Biasha likatoka lengelenge. Ukili ukalala.

"Si nilisema mimi?"

"Mama, umeificha ile nzuri! Kwenye hii kidole kinaruka kama chura. Nikitafuta kitufe kwa macho, mtu wangu keshatumbukia shimoni."

"Mtu gani tena, jamani?"

"Huyu wa kwenye kioo!"

Mwamvita akafungua sanduku, ajaribu mwenyewe, akabonyeza kwa nguvu zote.

"Mama, unatwanga kisamvu?" Biasha alicheka.

Akalegeza mkono. Akaweka gumba katikati, akaliegemeza kushoto, kulia, juu. Halikuhama mahali pake, wala macho hayakushuka. Ah! Ndivyo yeye asukavyo ukili huku akiongea na wageni. Kidole chajua njia chenyewe.

"Aliyeitengeneza hii," alisema, "mikono yake ina akili."

Akamwachia Biasha gemu ile. Lengelenge likapona, mkeka ukaisha. Mama mkwe aliupapasa, akarudia, asione kasoro hata moja.

Hata hivyo Mwamvita hakuacha kuwaonya wenzake kisimani:

Msichukue gemu yenye vitufe vilivyoachana.
Msibonyeze kwa hasira.
Msicheze na kidole chenye lengelenge.
Msicheze kabla ya kusuka.
Msiache betri zake ndogo karibu na mtoto anayetambaa, atazimeza.
Msifungie kitu sandukuni kabla hamjakijaribu.