Kona ya Mama Mkwe

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua kutulia. Baba alikuwa dereva wa malori, yale ya safari ndefu, tangu ujana wake mpaka sukari ilipomnyang'anya mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Mama alikuwa fundi cherehani, kazi yake barazani, mguu kwenye pedeli kutwa kucha. Na binti yao, kitinda mimba, alikuwa mkata tiketi kwenye ofisi ya mabasi. Huyo binti ndiye mwenye kisa hiki. Nyumbani walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu anajifunza kutambaa ukimweka hapa unamkuta kule.

Na huyo kiguu na njia, jamani, alikuwa hajawahi kwenda popote! Hebu fikiria. Siku nzima yuko nyuma ya kioo, anauliza, "Dirishani au katikati?", anawakatia watu tiketi za miji ambayo yeye anaijua kwa nauli tu, anawatakia safari njema mpaka mdomo unamkauka. Basi likiondoka linamwachia moshi. Jioni anarudi nyumbani kumsaidia mama kumwogesha baba na kusikiliza ugomvi, maana mzee, tangu akatwe mguu, alikuwa mbogo.

Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, akawatukana madereva wote waliopita barabarani. "Huyo anabadili gia kama anakoroga uji! Nani alimpa leseni?" Chai ikichelewa, kelele. Chai ikiwahi, ya moto mno. Hospitali walimpa kiti kizuri cha magurudumu atoke nacho nje apunge upepo. Wapi! "Mimi niliyeendesha tani thelathini leo nisukumwe kama mkokoteni wa maji?" Kiti kile kikawa kabati. Mama alikitundikia magauni ya wateja, na mzee hakuvuka kizingiti cha mlango tena. Ukweli ni kwamba aliona haya. Alikuwa mtu mkubwa barabarani, na hakutaka mtaa umwone amepungua.

Sasa Kiguu naye akapata wazimu wake. Kwenye simu yake alikuwa akitazama video za wasafiri, watu wa umri wake, mmoja yuko jangwani, mwingine juu ya mlima, wote meno nje. Akajiuliza, wana nini hawa ambacho mimi sina? Akanunua kijiti cha kushikia simu, akafungua ukurasa wake, na Jumapili moja akapanda basi, kwa mara ya kwanza akiwa abiria, akaenda kwenye maporomoko ya maji yaliyo karibu.

Video ya kwanza hiyo, Mungu amsamehe. Alianza kwa kusema, "Karibuni tena, wapendwa!" Tena ya wapi, na ndiyo kwanza anafungua duka? Kisha uso wake ukajaa kioo chote, kipaji na pua na midomo iliyopakwa rangi, akizungumza bila kupumua, na nyuma ya sikio lake la kushoto kitu cheupe kinameremeta. Hayo ndiyo maporomoko.

Akamwonyesha baba yake, roho juu. Mzee akaitazama mpaka mwisho, uso hauna habari.

"Barabara iko wapi?" akauliza.

"Barabara gani, baba? Hii ni ya maporomoko."

"Na maporomoko yako wapi? Nimekuona wewe. Wewe nakujua, nimekuzaa mimi. Unakwenda mbali kote huko kunirudishia pua yako?"

Kiguu akafura. Siku hiyo hakumumunya maneno. "Watu wote wanafanya hivi! Wewe umekaa hapo kazi yako kukosoa dunia kupitia dirishani, hata mlangoni hutoki!" Mama akasimamisha cherehani. Lilikuwa neno zito, na Kiguu alilijutia likiwa bado mdomoni, lakini limekwisha toka. Mzee akageuzia uso dirishani. Siku kadhaa nyumba ikawa haina kelele, na wote watatu wakagundua kwamba kelele zilikuwa na nafuu.

Aliyevunja kimya kile ni Kijana. Kijana huyu, msidanganyike na jina, ana mvi na wajukuu. Zamani alikuwa utingo wa mzee, yule msaidizi wa dereva anayefunga turubai na kuweka magogo nyuma ya tairi lori likisimama mlimani. Sasa ni dereva kamili, mwenye lori lake na utingo wake, ila kwa mzee amebaki kuwa Kijana, na atazikwa akiwa Kijana.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Breki zako zinalia, nimezisikia tangu kule kona ya duka."

"Nitazitazama, bosi." Akakaa, akanywa chai, akasema wiki ile anashuka mlimani na shehena ya saruji na utingo wake ni mgonjwa, kwa hiyo anakwenda peke yake.

Kiguu aliyekuwa akipiga pasi akaiacha pasi juu ya shati la mteja. Harufu ndiyo iliyomshtua. "Baba mdogo, nichukue mimi! Nina likizo yangu sijaigusa. Nitapiga video njia nzima."

Hapo ndipo Mama alipoongea. Mama si msemaji, lakini akisema amesema. "Nenda," alisema kwa shingo upande, akilikwangua shati lililoungua. "Lakini nasema mbele ya baba yako mdogo awe shahidi. Mimi peke yangu simwezi huyu mzee. Akipatwa na lolote ukiwa huko, unageuza hapo hapo unarudi, na hiyo habari ya video inakwisha moja kwa moja. Unanisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mzee, ambaye mpaka hapo alijifanya hayupo, akakohoa. "Kijana. Mama Mkwe bado yupo?"

"Yupo, bosi. Hazeeki yule."

Kiguu akacheka, akidhani wanamsengenya bibi yake. Kumbe ni kona. Katikati ya mteremko kulikuwa na kona iliyojikunja kiasi kwamba kichwa cha lori kinapita huku mkia haujajua. Madereva waliiita hivyo kwa sababu haipitwi kwa kiburi. Unashusha gia ukiwa bado mbali, unapiga honi mbili ndefu, hodi hizo, ili anayepanda ajue unashuka, kisha unapita taratibu, macho chini, kwa heshima zote. Wenzao waliopita bila kubisha hodi walibaki huko huko bondeni. Mzee aliieleza kwa mikono yote miwili, usukani hewani, na kwa muda ule mfupi hakuwa na hasira na mtu.

Safari ikaanza. Asubuhi nzima Kiguu alishikilia kijiti chake, uso wake mbele, "wapendwa" hivi na "wapendwa" vile, mpaka Kijana akaomba radhi na kuuliza kama hao wapendwa wanaweza kupumzika kidogo. Tena ukizitazama zile video, zote ni sawa. Angeweza kuzipigia jikoni kwao. Akafuta moja, akafuta nyingine. Alikuwa ameitaka safari hii tangu utoto, sasa amo ndani yake, na hajui aitazame vipi.

Walipofika juu kabisa, barabara ikaanza kuinama, simu ikaita. Ni simu ya video kutoka nyumbani. Mama akatokea, amechoka. "Ongea na mtu wako huyu. Tangu mmeondoka hajaniacha nipitishe hata uzi. Mko wapi, mko wapi, mko wapi."

Simu yake moja tu, akiongea hawezi kurekodi, na mteremko ule ndio aliokuwa akiungoja kwa ajili ya ukurasa wake. Nusura amkatie. Akajiambia, dakika mbili za kumbembeleza, basi.

"Nasikia mmefika juu," mzee akasema. "Toa uso. Geuza nione."

Akageuza kamera, akaiegemeza kwenye kioo cha mbele. Na hapo, wenzangu, ndipo safari ilipoanza. Mzee akavuta pumzi, simu ikaisikia. "Ule mti bado upo! Wameziba lile shimo! Kijana, mbona uko gia ya nne? Unamkimbilia nani? Shusha."

"Nashusha, bosi." Na mtu mzima yule, mwenye mvi zake, akashusha gia kweli.

"Usilalie breki. Unazipika. Acha injini ikushike."

"Ndiyo, bosi."

Kiguu alimtazama Kijana, akaitazama simu, akaangua kicheko. Baba yake alikuwa anaendesha lori kutoka kwenye kiti cha mbao! Alimwambia binti yake atazame kulia, kuna maji yanachuruzika kwenye mwamba, na kweli yalikuwapo. Alimwambia hapo mbele harufu itabadilika, kuna misitu ya misonobari, na ikabadilika. Kiguu alisahau wapendwa wote. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaiona barabara.

"Anakuja," mzee akasema, sauti imeshuka. "Mama Mkwe huyo. Kijana, honi. Piga honi. Sijasikia hon..."

Sauti ikakatika. Mtandao umekufa. Kwenye kioo picha ya mzee ikaganda, mdomo wazi, na bila shaka kule nyumbani nako picha ya kona iliganda, lori limeinamia bonde. Kijana akapiga honi, ndefu mbili, bonde likaitika. Kutoka chini honi nyingine ikajibu. Wakapita taratibu, na lori jingine, limejaa ng'ombe, likapanda kwa kubana ukutani. Madereva wakapungiana mikono. Wamepita salama salimini.

Kiguu akapiga simu. Haiendi. Akapiga tena, haiendi. Kona mbili mbele, mtandao ukarudi, Mama akapokea, simu ikamponyoka, na alichokiona Kiguu ni dari. Dari la sebule yao na buibui wake. Na sauti ya mama ikilia, "Mume wangu! Mume wangu, usiinuke! Jamani!"

"Mama! Kuna nini? Mama!"

Mama akaokota simu, kitambaa kimemvuka kichwani. "Ameanguka! Simu ilipoganda akaanza kupiga kelele, honi, honi, kisha akajirusha mbele na kiti chote. Kidonda cha ule mguu uliokatwa kimegonga sakafu. Kiguu, tulikubaliana. Nilikuambia lolote. Rudi mwanangu. Rudi sasa hivi."

Kiguu hakubisha. Abishe nini? Moyo ulimwambia, umemwua baba yako kwa ajili ya pua yako. Na chini ya woga ule, naona tuseme ukweli, kulikuwa na uchungu mwingine, wa mtu aliyengoja mlango miaka yote na sasa unafungwa amechungulia tu. Machozi yakamtoka kwa yote mawili pamoja. "Baba mdogo," akasema, "tugeuze."

Kijana akapunguza mwendo.

"Nani anageuza?" Ilikuwa sauti ya mzee, kutoka sakafuni. "Nani huyo anataka kugeuza? Lori haligeuzwi mlimani! Kijana, hukumfundisha mtoto? Mama Kiguu, lete simu hapa."

Mama akainama naye. Uso wa mzee ukajaa kioo chote, shavu kwenye saruji, kipaji kimechubuka, macho yamelowa.

"Mmebisha hodi?"

"Tumebisha, bosi," Kijana akasema. "Mbili ndefu. Tukaitikiwa."

"Sikusikia."

"Mtandao ulikatika, baba," Kiguu akasema. "Umeumia?"

"Nilikanyaga breki," mzee akasema polepole, kama anayeungama. "Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Hapakuwa na kitu." Kisha akalia, wazi, mbele ya mkewe na mwanawe na utingo wake, kwa mara ya kwanza tangu mguu ule utoke. Kijana akakaza macho barabarani.

Akajifuta kwa kiganja, akapenga kamasi. "Mama Kiguu."

"Abee."

"Ondoa hayo magauni ya watu kwenye kile kiti cha magurudumu. Kina breki kile, nimeiona. Nikalishe humo, unifunge na mkanda wa kitenge kiunoni. Hiki cha mbao kitaniua kabla hatujafika chini."

Mama akabaki ameshika simu, hajui acheke au alie. "Na hili suala la kurudi?"

"Tutarudi tukishapakua mzigo. Na wewe binti, unalia nini? Geuza hiyo kamera. Uso wako naujua."

Kiguu akajifuta machozi kwa mkono wa shati, akaigeuza.