Koti Lililojiandikisha Kupiga Kura

Wasichana wa chuo walijiandikisha kupiga kura bila kusukumwa. Wavulana ndio waliomtoa Bi Kura jasho. Jina hilo walimpa wao wenyewe, maana tangu kamati ya wanafunzi imkabidhi kazi ya kuhamasisha watu, ulikuwa huwezi kumwomba chumvi asikuulize kama umeshajiandikisha. Alikuwa mwaka wa tatu wa sheria, mfupi, mwenye sauti ya kengele ya shule na ubishi ambao mama yake mzazi alishaukatia tamaa.

Aligonga mlango mmoja baada ya mwingine katika bweni la wavulana. Kila mlango una mwanafalsafa wake. "Dada, kura yangu moja itabadilisha nini?" "Dada, hao wakishapita hata simu hawapokei." Alipowabana vizuri akagundua kwamba siasa ilikuwa kisingizio tu. Shida ilikuwa picha. Kadi ya mpigakura ina picha, na kadi hiyo utaionyesha benki, utaionyesha kazini, siku moja utaiangusha mbele ya mama mkwe. Nani anataka kuonekana miaka yote hiyo amevaa fulana iliyolegea shingo?

Basi Bi Kura akaenda kwa binamu yake, aliyekuwa bweni hilohilo na aliyemiliki koti pekee la maana katika jengo zima: koti jeusi, kola pana, limeshonwa na fundi kwa ajili ya usaili wa kazi. Binamu alilipenda koti lile kuliko wachumba wake wote, na wachumba walilijua hilo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," Binamu akamwambia.

"Mimi nataka isitiri mabega tu. Picha haifiki huko chini."

Binamu akaguna, akalitoa. Habari zikasambaa bwenini, na kesho yake mbele ya meza ya uandikishaji foleni ilikuwa ya kutisha. Mmoja akivua, mwenzake anavaa lingali na joto. Wembamba walibanwa kwa pini mgongoni, wanene walizuia pumzi mpaka kamera ilie. Hata Popo aliamka. Huyu aliitwa Popo kwa sababu mchana kutwa alilala na usiku alikesha, na siku hiyo alijiandikisha kwa sababu moja tu: amtumie mama yake picha amevaa koti.

Aliyekosa koti ni Binamu mwenyewe. Siku aliyopanga kujiandikisha, koti lilikuwa limekwenda na mtu kujitambulisha ukweni. Akapigwa picha na singleti. Hakumsemesha Bi Kura wiki nzima.

Lakini Bi Kura alikuwa amewaapia wale vijana jambo moja, tena mbele ya watu: "Siku ya kura njooni tu. Hakuna atakayewarudisha, na akiwarudisha mtanidai mimi." Aliwajua. Kijana anayejivuta kwenda mahali akifukuzwa mara moja, usimngoje mara ya pili.

Siku ya kura ikafika. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi nyuma ya chuo. Bi Kura alikuja mapema lakini hakupanga foleni. Alisema atapiga mwisho, akishawaona watu wake wote wametoka na wino kidoleni. Binamu alipiga kura yake asubuhi bila tatizo, pamoja na picha yake ya singleti. Mchana wakaingia vijana watatu wa bweni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Daftari la wapigakura lilikuwa na picha, ila aliyelichapisha alimwaga wino bila huruma. Sura zote zilikuwa giza tupu. Kilichoonekana vizuri ni koti. Mawakala wa vyama viwili, ambao tangu alfajiri walikuwa hawajasalimiana, waliinama juu ya daftari mpaka vichwa vikagongana.

"Mama, funua ukurasa unaofuata," wa kwanza akamwambia msimamizi.

"Huyu hapa tena," akasema wa pili. "Kola ileile."

"Na huyu! Mtu mmoja, majina thelathini!"

Wakapeana mikono. Ndiyo siku pekee vyama vile viliwahi kukubaliana.

Msimamizi wa kituo alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo, aliyezoea kusikiliza visingizio kuanzia saa moja asubuhi. Bi Kura akamweleza habari ya koti tangu mwanzo. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu, ninakuamini. Uongo hauwi wa kijinga kiasi hicho. Lakini mawakala wameandika malalamiko. Niletee wote wenye koti, wasimame mbele yangu kwa pamoja. Mtu mmoja hawezi kusimama mara thelathini. Akikosekana mmoja, hapigi kura hata mmoja wao."

Bi Kura akatoka mbio. Hapa inabidi nikiri kwamba wengi wa vijana wale hawakuwa na mpango wowote wa kupiga kura siku hiyo. Picha walishaipata. Alimtoa mmoja kwa kinyozi amenyolewa upande, akamtoa mwingine kwenye beseni na povu hadi kwenye viwiko. Mmoja alikuwa maktaba anamsomea msichana mashairi; msichana ndiye aliyeshukuru zaidi. Kila aliyesikia kwamba ameitwa mwizi wa kura alikuja kwa hasira, na hasira, nakwambia, inajaza foleni kuliko hotuba.

Jua likaanza kushuka. Walikuwepo wote isipokuwa Popo. Chumbani hayupo, simu imezimwa. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Si ulituapia wewe?" akasema yule wa upande mmoja wa nywele. "Tumechomwa jua kutwa. Mimi narudi zangu."

Maneno yale yalimchoma Bi Kura kuliko yote ya siku ile, kwa sababu yalikuwa ya kweli. "Nisubirini," akasema, na sauti ya kengele ilikuwa imepasuka. "Nawaomba. Mara hii moja tu." Akaondoka tena mbio, akichechemea kwa mizunguko ya kutwa.

Muda wa kufunga ukafika. Sheria inasema aliye kwenye mstari atapiga kura, asiyekuwepo basi. Askari akaja na rungu lake kwapani kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, ili asiongezeke mwingine. Alipofika mwisho wa mstari hakukuta mtu. Alikuta koti jeusi, kola pana, limetandazwa juu ya vumbi, na Binamu, aliyelifuata bwenini, amechuchumaa kando yake.

"Nini hiki?"

"Nafasi ya watu wawili, afande. Dada yangu na mwenzetu. Wako njiani."

"Koti halipigi kura."

Binamu akainuka. "Afande, tangu mchana wakubwa hawa wanasema koti hili limejiandikisha mara thelathini. Jioni hii linyimwe hata mara mbili?"

Foleni ikalipuka. Aliyekuwa anarudi zake akasahau kurudi. Mama Msimamizi, mlangoni, alicheka mpaka akaegemea fremu, na wakala mmoja akajifanya anakohoa. "Liache lisimame," Mama akasema. "Lakini dakika chache tu."

Dakika zilikuwa zinakwisha Bi Kura alipojitokeza kona ya uzio, anamburuta Popo kwa mkono wa shati. Alikuwa amemkuta amelala chini ya jukwaa la uwanja wa mpira, kwenye kivuli, amewakimbia wagonga milango. Wakasimama juu ya koti.

Thelathini wakapangwa ukutani. Warefu, wafupi, wa ndevu, wa nusu kichwa. Mawakala wakapita mbele yao mara moja, wakarudi mara ya pili taratibu.

"Hata wangezaliwa na mama thelathini wasingetofautiana hivi," akasema wa kwanza, na wote wawili wakafuta malalamiko.

Wakapiga kura mmoja mmoja, kila mtu akitoka na kidole juu kama aliyeumia. Hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye nyasi wakamsubiri Bi Kura, wa mwisho kabisa.

Akaingia kibandani, akafungua karatasi, akashtuka. Miezi yote ile alikuwa amekatazwa na kamati kumwambia mtu amchague nani, na aliitii amri ile vizuri mno hata yeye mwenyewe akasahau kuamua. Majina yalikuwa mengi.

"Binti, kuna tatizo?" Mama Msimamizi akauliza.

"Hapana, mama. Ninasoma."

Wakala akaanza kusema jambo kuhusu saa. Dirishani zikaonekana nyuso, ya Popo ikiwa mbele.

"Mwacheni dada asome!"

Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho, machozi yakimdondoka kwenye meza. Kisha akaanza tena juu, na nje wakamsubiri.