Kamati ya Mashamba Ilipoamua Kesi ya Mwezi

Mimi sikuwa na neno na mwezi. Niliamka alfajiri, nikawapikia binti zangu uji, nikatembea mpaka kanisani Kathonzweni kwa sababu kamati ya mashamba ilikuwa imeniita tena, mara ya nne, na miguu yangu ilishachoka na njia hiyo. Nilitaka kitu kimoja tu: niambiwe kama shamba nililolima tangu niolewe ni langu au ni la shemeji yangu Nzomo.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Serikali ilikuwa inapima ardhi ya kila mtu na kuiandika kwa jina la mwenyewe, na kabla ya mpimaji kufika, kamati ya wazee ilisikiza waliokuwa wakigombana. Zamani hakuna aliyeujali huo mteremko wetu. Ulikuwa weu, malisho ya wote, nyasi na miiba mitupu. Mume wangu Muthama na mimi ndio tulioufyeka. Muthama akafa, nikabaki na binti watatu na jembe. Nikachimba matuta pamoja na kina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana, leo kwako kesho kwangu, mpaka mvua ikaacha kubeba udongo. Mahindi yakakubali, mbaazi zikakubali. Wakati huo wote Nzomo alikuwa Mtito Andei na hoteli yake, akiwauzia madereva wa malori chai na maharagwe. Kupalilia hakuja. Kumzika ndugu yake alikuja, akakaa siku moja. Lakini aliposikia ardhi inaandikwa, ebu muone alivyoshuka na koti!

Madai yake yalikuwa haya. Ati kabla ya kwenda Mtito Andei alizunguka mteremko ule na shoka, akakata alama kwenye miti. Na kweli, kwetu Ukambani mtu aliyetaka kipande cha weu kiwe chake alikata alama hivyo. Lakini desturi hiyohiyo inasema alama peke yake si kitu. Ukishakata, lete ng'ombe, jenga boma, washa moto, ukae. Ukienda zako, mahali panarudi kuwa pa wote. Nzomo hakuleta hata mbuzi.

Basi tukakaa kwenye mabenchi, mimi upande huu, yeye upande ule. Mwenyekiti, Mzee Kivuva, akafungua kwa maombi, akakohoa, kisha akatuuliza maswali yaleyale aliyotuuliza mara zote zilizopita. Nikajibu majibu yaleyale. Nzomo akasimama, akavuta koti.

"Wazee, aliyeweka alama kwanza ndiye mwenyewe," akasema. "Hata Wamarekani walipofika mwezini, walifanya nini? Si waliweka bendera? Sasa nani atawaambia watoke?"

Jamani! Angenyamaza hapo tungekwenda nyumbani mapema. Karani wa kamati alikuwa mwalimu Kiilu, mtu wa magazeti kweli kweli, na aliposikia hivyo akaweka kalamu chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mwezi si wa Wamarekani."

"Si wao kivipi, na bendera yao iko huko?"

"Kuna mkataba wa mataifa, wa mwaka wa sitini na saba. Wamarekani wenyewe walitia sahihi, na Warusi pia. Hakuna nchi inayoweza kusema mwezi ni wake. Hata iweke bendera, hata iende ikae huko."

Hapo kesi yangu ikafa. Wazee waliokuwa wakisinzia wakaamka wote. Mmoja akasema mkataba unakataza nchi, haujakataza mtu. Je, mtu akienda na pesa zake, akajipimia kipande? Mwingine akamjibu kwamba mtu hapati shamba bila serikali kumwandikia, na kama serikali yake yenyewe haina mwezi, itamwandikia cha nani? Jibu hilo lilisifiwa sana, mpaka wakamshika mkono. Mimi nimekaa tu, jua linapanda, nyumbani sijaacha maji.

Nzomo naye hakukubali kushindwa. "Lakini mwaka huu wamepeleka gari," akasema. "Wameliendesha huko, kisha wakaliacha. Hiyo si mali yao iko juu ya ardhi?"

"Gari lina nani ndani?" Mzee Kivuva akauliza.

"Hakuna mtu."

"Wameacha moto unawaka?"

"Moto hauwezi kuwaka huko, Mzee," mwalimu Kiilu akasema. "Hakuna hewa."

"Na ng'ombe?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, nakubali, ingawa njaa ilikuwa inanikata. Mzee Kivuva peke yake hakucheka. Aliinua mkono mpaka tukanyamaza.

"Basi gari ni lao, warudi walichukue wakitaka," akasema. "Lakini mahali si pao. Mtu anayeweka alama halafu anaenda zake hana shamba. Mwezi ni weu."

"Ni kweli kabisa!" wakaitikia wote. Hata Nzomo, haki ya Mungu, alitikisa kichwa kukubali. Maneno yalikuwa matamu, akasahau kilichomleta.

Nikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze niliona nitashinda.

"Wazee, asanteni," nikasema. "Mmesema vizuri kuliko mimi. Aliyeweka alama akaenda zake hana shamba. Basi naomba muandike hivyohivyo kwa huu mteremko wangu, nirudi nikalime."

Mwalimu Kiilu akachukua kalamu yake, akaitazama, asiandike. Nzomo akainama kufunga kamba za viatu.

"Mama Mbula," Mzee Kivuva akaniita kwa jina la binti yangu mkubwa. Aliniita kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. "Huko juu hatuna mtu. Hapa tuna watu. Nzomo ni mtoto wa ukoo. Wewe una wasichana, wataolewa, wataenda kwao. Tukiandika jina lako, kesho hii ardhi itakuwa ya nani?"

"Itakuwa ya wasichana wangu."

"Ya waume zao," mzee mmoja akadakia.

"Kwani huyu aliilima lini?" Nilipaza sauti, sikujali. "Mwambieni aonyeshe tuta moja tu alilochimba! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Mwezi mmeuamulia haki kwa sababu hakuna shemeji ya mtu huko!"

"Mama, hii ni kanisa," mtu akaniambia kutoka nyuma.

Kanisa! Kubishania gari la mwezini, sawa. Mimi kulilia shamba langu, hapo ndipo wakakumbuka ni nyumba ya Mungu. Nikakaa chini. Kesi ya ngedere, hakimu nyani, ndivyo ilivyokuwa.

Wakaandika Nzomo. Kwa mdomo wakaongeza kwamba asinifukuze, niendelee kulima maadamu naishi vizuri na watu. Nilimuuliza mwalimu Kiilu kama kuna pa kukata rufaa, akasema ndiyo, ofisini Machakos, bila kuniangalia usoni. Nikaifikiria safari ya Machakos, na benchi lingine, na wanaume wengine wa kuniuliza maswali yaleyale. Ningependa kusema nilikasirika. Sikukasirika tena. Nilichoka tu, uchovu wa mifupa, kama mtu aliyepalilia kutwa nzima kisha akaambiwa shamba lilikuwa la jirani.

Mpimaji alikuja siku ile mvua ya kwanza ilipokuwa inanukia. Alikuwa na mnyororo wake wa kupimia na vigingi. Nzomo alifika amevaa viatu vya kung'aa. Jirani yetu wa chini, Kiema, naye akaja kusimama kwenye mpaka wake.

"Haya, mwenye shamba," mpimaji akasema, "nionyeshe mwisho wako."

Nzomo akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali palipo juu ya matuta ya chini, yale ya udongo mweusi, yanayonipa mahindi hata mwaka wa kiangazi. Ati shamba linaishia hapo. Alikuwa anamgawia Kiema sehemu nzuri kuliko zote, na hakujua. Kiema akatazama miguu yake.

Wacha ipotee, nikasema moyoni. Wacha apate mawe matupu, kesho ajionee. Nilitaka hivyo, Mungu ananijua. Lakini Mbula alikuwa ameinama kwenye matuta hayohayo, anapanda mbaazi, na wadogo zake nyuma yake.

"Si hapo, shemeji," nikamwambia Nzomo. "Shuka."

Nikatangulia mimi, wao wakafuata na mnyororo, na kila kona nikamwonyesha mpimaji pa kupigilia kigingi.