Kitanda cha Kasri

Ukiitazama nchi ya Mwangani kutoka kilima cha Pambaja utaiona yote kwa mara moja, kama sinia iliyoinuliwa upande mmoja: juu kabisa kasri la mawe meupe, lenye sakafu juu ya dari na ukuta mfupi wa kufika kiunoni ulioizunguka, chini yake nyumba za udongo zilizobanana bega kwa bega, na chini zaidi mashamba ya mtama yaliyolisha watu wote, ingawa si kwa kipimo kimoja. Ndani ya kasri hilo walitawala akina Fumbata, baba kwa mwana, watu wenye shingo nene na sauti za upole, ambao kila walichokipokea kwa mkono wa kulia hakikuonekana tena kikitoka kwa wa kushoto. Nao wadudu walitawala pamoja nao, ila wadudu hawakujengewa kasri.

Haikuwa hivyo zamani. Bi Sikudhani, ambaye alikuwa mfagizi wa nchi kabla cheo hicho hakijafutwa, aliikumbuka zamani hiyo yote. Kila mwezi ulikuwa na Siku yake ya Kuanika. Asubuhi mtawala ndiye aliyeanza: kitanda chake kilitolewa kikasimamishwa juani, watu wakakiona, na kuanzia hapo mpaka jua kuzama hapakuwa na mlango wa kufungwa Mwangani, wa mnyonge wala wa mkubwa. Magodoro ya sufi yalipigwa fimbo, mikeka ikakung'utwa, maji yaliyochemka yakamiminwa kwenye maungio ya vitanda ambako kunguni hupenda kujibanza. Makombo yalifagiwa, mitungi ya nafaka ikakaguliwa vifuniko, maharage yakachanganywa na majivu. Mumewe, Mzee Makame, alipita na ndoo ya udongo laini akiziba kila ufa wa ukuta kwa kidole gumba, akiimba, na wanawake wakimtania kwamba anaziba nyufa ili apate kuchungulia. Bi Sikudhani naye alishika fagio lake la chelewa akaingia kila chumba, hata ghala la kasri. Babu yake Fumbata wa sasa alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya godoro lake, suruali ina kiraka gotini, akicheka na watu. Ee Mola, siku zile! Nyumba zilinukia jua.

Fumbata wa sasa aliirithi nchi na ghala, akalipenda ghala zaidi. Mwaka wa saba wa utawala wake ghala lilikuwa limejaa mtama wa watu, aliouita akiba ya taifa, kiasi kwamba kuufungua mlango mbele ya macho ya watu kungekuwa kujivua nguo. Basi akaitangaza Siku ya Kuanika kuwa ushamba. Mtu anayetoa godoro nje, ilisema amri, anaitangazia dunia kwamba Mwangani kuna kunguni, na Mwangani hakuna kunguni. Na hao waliopo wameshashughulikiwa. Badala ya jua wakaletwa wanyunyizi, vijana wenye vitambaa puani, waliomwaga unga mweupe vitandani, jikoni, hata juu ya mitungi ya maji. Paka walikufa kwanza. Mijusi wakadondoka darini, wale waliokuwa wakila mbu bila kulipwa mshahara. Kunguni walijikunyata nyufani siku tatu, kisha wakarudi na njaa zaidi.

Unga ule ulimwingia Mzee Makame kifuani. Mtu aliyekuwa akiimba sasa alivuta pumzi kwa kuiomba, ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni. Tabibu aliyekuja kumwona hakuzunguka maneno.

"Bibi, unga huu utoke humu ndani. Kila kitu kitolewe nje, kipigwe, kifuliwe, sakafu isuguliwe. La sivyo wakinyunyiza tena, mzee hamalizi mwezi."

"Nikitoa nje nitafungwa, mwanangu. Na nikifungwa, huyu atashikwa na nani?"

Kabla ya wanyunyizi kurudi zilibaki siku nne.

Ya tatu ilipofika, Bi Sikudhani aliitwa kasri. Alimkuta Fumbata peke yake katika chumba kilichofungwa madirisha, amevaa joho la dhahabu, anajikuna chini yake kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. Shingo yake nene ilikuwa na mistari ya vipele, vitatu vitatu, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wametumwagia unga mara tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe nasikia unajua vitanda. Nitibie hiki, na mdomo wako uufunge."

"Shikamoo, Mwinyi. Kitanda hiki hakina ugonjwa wa dawa. Kinataka jua na maji ya moto."

"Juani, kila mtu akione? Nchi nzima initazame mimi nina kunguni?"

"Kuna sakafu ya juu darini. Ina ukuta wake. Kesho asubuhi wakipandishe huko, uniachie mimi na birika la maji."

Akafikiri, huku akijikuna. Siku ya Kuanika ilikuwa imezikwa miaka ishirini, na yeye aliamini kwamba kinachokatazwa kwa amri husahaulika kwa amri. Akakubali. Bi Sikudhani hakumkumbusha lolote. Alisema tu, kwa adabu zote, kwamba kitanda hakitibiwi kikiwa kimelala.

Asubuhi watumishi wakakisimamisha. Ukuta wa darini ulikuwa wa kufika kiunoni, na kitanda cha Fumbata kilikuwa kitanda cha mtawala: miguu yake minne iliyonakshiwa ilichomoza juu ya mji, inafuka mvuke wa maji ya moto. Alipomaliza, bibi alishuka na birika tupu, akatoka langoni, akateremka kwenda kwake bila kuharakisha.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua macho. Aliitua ndoo chini.

"Jamani! Kitanda cha kasri kiko juani!"

Kisha mkeka mmoja ukatoka mlangoni, kwa woga, ukakung'utwa mara moja. Ukatoka wa pili. Kufikia saa nne vitanda vilikuwa vimesimama mji mzima, na wanyunyizi, waliokuja na magunia yao ya unga, walisimama njia panda wasijue amri ipi ni kubwa: ile ya karatasi, au ile ya miguu minne iliyo juu ya kasri. Mmoja wao alifungua kitambaa puani akamsaidia mama yake kubeba godoro.

Majirani walimtoa Mzee Makame na mito yake, wakamweka upande wa upepo, mbali na vumbi la unga uliokuwa ukifutwa na kusuguliwa ndani. Alikohoa, akavuta pumzi moja ndefu, ikaingia yote. Mkewe alilia wazi, hakuficha.

"Niletee udongo," alisema mzee. "Kule ndani kuna ufa."

Alimletea. Halafu akalitoa fagio la chelewa nyuma ya mlango, akapanda tena kuelekea kasri.

"Wapi, bibi?" aliuliza mlinzi wa lango.

"Kufagia. Leo siku yake."

Mlinzi aliangalia juu darini, akajikuna shingo, akampisha.

Fumbata alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ghala, amejifunga shuka, kwa kuwa nguo zake zote zilikuwa zikichemshwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya ngumi yake.

"Chumba hiki hakina wadudu," alisema.

Chini ya mlango fukusi, wadudu wa nafaka, walikuwa wakitoka kwa msururu, weusi, wametulia, wakipita juu ya miguu mitupu ya mtawala kuelekea mwangani. Bibi aliketi kwenye kizingiti, fagio magotini, akangoja. Ilikuwa saa tano tu asubuhi, na jua lilikuwa na safari ndefu kabla ya kuzama.