Poleni, Wakulima wa Ulaya

Kozi yenyewe ilikuwa na jina refu: "Sera za Umoja wa Ulaya kwa Nchi Zinazoendelea: Mtazamo wa Pamoja." Vyuo viwili, kimoja cha Dar es Salaam na kimoja cha Ubelgiji, vilikuwa vinatunga mtaala wake kwa ushirikiano, mwaka ule wa 2004. Ukitaka kujua ushirikiano ulikuwaje, Wabelgiji walitunga, Dar es Salaam ikashukuru. Idara ilikuwa imepata kompyuta mpya na kiyoyozi, na mkuu wa idara, Dokta Fredrick Mabula, alikuwa na tiketi za ndege kwenye droo, akizichungulia kila asubuhi kama mtu anayekagua mayai ya kuku wake.

Aliyekuwa hashukuru vizuri ni Dokta Klementina Machibya. Wazo la kozi lilikuwa lake tangu mwanzo, barua ya kwanza aliiandika yeye, na sasa wiki zote za masomo zilihusu Brasels: tume, baraza, bunge, mahakama, hata wiki nzima juu ya namna wanavyopiga kura. Yeye alitaka wiki moja tu. Alitaka wanafunzi wa vyuo vyote viwili wapelekwe Bariadi, wakae na wakulima wa pamba, waione sera ya kilimo ya Ulaya pale inapoangukia. Wiki hiyo ikikubaliwa, kozi itakuwa na kitu chake ndani. Ikikataliwa, atabaki mtu wa kutoa fotokopi.

"Watajifunza nini huko?" Profesa Dehaas, mkuu wa upande wa Ubelgiji, aliuliza siku ya kikao.

Hakuwa mtu mbaya huyu Profesa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye ndevu nyekundu, na alikuwa ameshazunguka vijiji vya nchi nyingi za Afrika. Kote huko, alisema, alitoa mhadhara, akauliza kama kuna swali, na swali likawa kisima. Kama si kisima, bati. Kama si bati, zahanati.

"Siwalaumu," alisema. "Lakini hilo si somo la sera, Klementina. Hilo ni somo la umaskini, na tunalo kwenye kozi nyingine."

Klementina alichemka. "Basi njoo utoe mhadhara mmoja Bariadi, uone."

"Nitakuja. Nikipata swali moja, moja tu, ambalo si ombi la msaada, wiki yako inaingia."

"Sawa," alijibu, na neno lilikuwa limeshamtoka kabla akili haijafika. Dokta Fredrick akaliandika kwenye muhtasari wa kikao haraka haraka, maana alipenda mambo yaishe.

Alipofika nyumbani Klementina alianza kujuta, kwa sababu Bariadi ndiko kwao na anakujua. Kijijini kwao Mwamigongo, mgeni akishuka kwenye gari huimbiwa, huketishwa meza kuu, hupewa soda, kisha husomewa risala. Risala ina karibu yake, ina historia fupi ya kijiji, halafu ina matatizo, na hapo kwenye matatizo ndipo mgeni humaliza soda ya pili. Haijapata kutokea Mzungu akaondoka Mwamigongo bila kujua kwamba hakuna maji. Hata yule aliyesimama kubadilisha gurudumu tu aliondoka na nakala.

Kesho yake asubuhi alimpigia shangazi yake, Milembe, dada wa marehemu baba yake na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa pamba. Ili kupata mtandao, Milembe alipaswa kupanda kichuguu nyuma ya zizi, kwa hiyo simu zake zote zilikuwa na upepo.

"Risala tumeshaandika," Milembe alisema kwa majivuno.

"Hilo ndilo nimepigia, shangazi. Msiisome."

Upepo ukavuma.

"Tusisome?"

"Msiombe kitu chochote. Mkiomba, mimi nimekwisha."

"Hata kisima?"

"Hata kisima."

"Wanawake bado tunachimbua mchanga mtoni kutafuta maji. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Na lile darasa lako la nne, lenye bati, unalikumbuka? Bati lile lilitoka kwenye risala. Niliisoma mimi, mbele ya Mzungu, jua linaniwakia utosini, na wewe ulikuwa mstari wa mbele unaimba. Unatuonea haya, mwanangu."

Klementina alitaka kusema hapana. Kilichomtoka ni kwamba salio linakwisha, na salio halikuwa linakwisha. Alikata simu akabaki ameshika tama, akijionea haya yeye mwenyewe.

Haukupita muda simu ikalia.

"Huo mtihani wenu unaisha saa ngapi?" Milembe aliuliza.

"Mtihani gani?"

"Huo wa kutoomba."

"Unaisha Profesa akishapata swali moja lisilo ombi, akakubali wiki yangu."

"Basi hatutaomba. Lakini maswali tutauliza kwa namna tunayoijua sisi."

Klementina hakupenda namna alivyolisema hilo, ila upepo uliikata simu.

Walisafiri Julai, msimu wa kuuza pamba. Kutoka Mwanza walipita Nyashimo, wakala sangara Lamadi, ambapo Profesa aliambiwa minofu ya samaki yule imeshatangulia kwao Ulaya, akacheka kwa adabu. Kisha wakaacha lami wakaingia vumbi. Dokta Fredrick alikuwamo garini kulinda ushirikiano. Kila gari lilipopiga shimo alimwambia Profesa "samahani", kana kwamba alilichimba yeye.

Mwamigongo hapakuwa na wimbo. Hapakuwa na meza kuu wala kitambaa. Watu walikuwa wamejaa kwenye godauni la zamani la ushirika, lile lililofungwa soko huria lilipoingia na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao. Wamekaa kwenye magunia ya pamba, kimya kama maji mtungini, wamefumba midomo kama watoto walioahidiwa peremende. Klementina aliwaangalia akaona kwamba kimya kile kinatisha kuliko risala.

"Mwadila," Profesa alisalimia kwa Kisukuma, kama alivyofundishwa njiani.

"Mwadila," godauni likaitika kwa pamoja, kisha likafumba tena.

Profesa alianza. Ni mwalimu hodari, tusimnyime haki yake. Alieleza kwamba kule Ulaya serikali zimechanga mfuko mmoja mkubwa, na kutoka humo wakulima hulipwa ruzuku. Anayelima ngano hulipwa, anayefuga ng'ombe hulipwa. Hata wa pamba, kwani ziko nchi za kusini mwa Ulaya zinazolima pamba, naye hulipwa. Klementina alitafsiri neno kwa neno. Aliposema "ng'ombe", wafugaji waliokaa nyuma waliinua vichwa wote.

"Na wasipolipwa?" iliuliza sauti kutoka gizani kwenye kona.

Profesa alikuwa mkweli. "Wengi wataacha kulima. Hawataweza kujikimu."

Hapo ndipo Milembe aliposimama. Alikuwa amevaa gauni lake la jumuiya ya kanisani na kilemba kipya, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo Klementina aliwahi kuiona mara moja tu, kwenye msiba.

"Poleni sana," alisema.

"Poleni," likasema godauni zima. Kikongwe mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akizidisha chumvi kidogo.

"Anasema nini?" Profesa aliuliza.

"Anakupa pole," Klementina alisema. "Kwa ajili ya wakulima wenu."

Profesa akatabasamu, hajui alipo. Milembe akaendelea, kwa sauti ya upole, sauti ambayo maofisa wa miradi huitumia wakiongea na wanakijiji.

"Sisi hapa tulidhani Ulaya kuna raha. Kumbe mnaishi kwa kusaidiwa! Profesa, huo mradi wenu una miaka mingapi?"

"Kama arobaini hivi."

"Arobaini!" Watu walishika vinywa. Mzee Shija, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alipiga mluzi.

"Sisi kabla soko huria halijaingia tulikuwa tunapata dawa ya pamba kwa bei ya kusaidiwa," Milembe alisema. "Wakaja wataalamu kutoka kwenu huko. Wakatuambia tukiendelea kusaidiwa tutalemaa. Tukasikia, tukaachishwa. Miradi mingine yote inayokuja hapa hupewa miaka mitatu, na semina ya kujitegemea, na chakula cha mchana. Sasa nina swali." Akamwangalia Profesa kama mama anavyomwangalia mtoto mgonjwa. "Wakulima wenu wameshapewa semina? Watajitegemea lini?"

Klementina alitafsiri. Alikuwa na furaha asiyoweza kuificha. Profesa alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani, akabaki anajikuna ndevu. Alianza sentensi moja juu ya mageuzi ya sera. Akaiacha. Alianza nyingine juu ya mila za vijijini kwao, nayo akaiacha.

"Swali zuri," alisema mwishowe. "Nitalifikisha panapohusika."

Klementina hakuwahi hata kumaliza kutafsiri. Godauni lililipuka kwa kicheko, popo wakaruka kwenye kenchi, maana sentensi ile Mwamigongo wanaijua kwa moyo. Wameipokea kutoka kwa kila mgeni aliyewahi kunywa soda yao.

Ingetosha kuishia hapo. Dokta Fredrick alikuwa ameshasimama kufunga mkutano. Lakini Milembe aliinua mkono, na mzee Shija akatoka nje akarudi akimvuta mbuzi jike mweupe aliyefungwa utepe shingoni. Klementina aliona sasa mambo yanaharibika, Profesa atapewa mbuzi halafu ataombwa kisima, na wiki yake imekwenda.

"Tumekaa kikundi, tumechanga," Milembe alisema. "Ni kidogo, lakini kimetoka moyoni. Mbuzi huyu ni wa wakulima wa Ulaya, waanzie maisha."

Profesa alipotafsiriwa maneno hayo uso ulimwiva mwekundu hadi masikioni. Alisema anashukuru mno, ila mbuzi hawezi kupanda ndege, na kwao kuna sheria za mifugo, na kusema kweli hali ya hewa haimfai.

"Mwambie," Milembe alimwambia Klementina, "kwamba sisi tuliwahi kuletewa hapa majembe ya kukokotwa na farasi. Farasi hatuna. Tulikataa? Tulipokea, tukaimba."

"Tukaimba!" waliitikia wanawake.

"Kwa hiyo naye apokee. Na aimbe."

Dokta Fredrick alifumba macho. Aliziona tiketi zake zikiota mabawa. Lakini Profesa Dehaas, na hapa ndipo Klementina alipoanza kumpenda, aliishika ile kamba, akajinyoosha, akaimba. Ulikuwa wimbo wa watoto wa shule wa kwao, ubeti mmoja, sauti ikipanda mahali ilipopaswa kushuka. Mbuzi alimsaidia kiitikio. Wanawake walipiga vigelegele hadi vumbi likaanguka kutoka juu.

"Masharti sasa," alisema Milembe. "Mtoto wa kwanza wa mbuzi apewe mkulima jirani. Mtuletee ripoti, na picha mkiwa mnatabasamu. Na tutakuja kukagua."

Profesa alicheka kicheko cha kweli safari hii, akakaa kwenye gunia la pamba na kamba mkononi. Alimgeukia Klementina. "Wiki yako imeingia," alisema. "Na Dokta Fredrick aandike kwamba nitaomba ziwe mbili. Ya pili waje hawa kwetu, kukagua. Nina shemeji anayelima viazi. Nataka kumwona akijibu lile swali."

Dokta Fredrick aliandika. Klementina alitangaza, na watu wakashangilia, ingawa nusu yao hawakujua wiki hiyo ni ya nini. Waliona uso wa binti Machibya, ikawatosha.

Kelele zilipotulia, Milembe alimsogelea. Akamwinamia sikioni.

"Ameshakubali?"

"Ameshakubali, shangazi."

"Mtihani umekwisha?"

"Umekwisha."

Milembe aliingiza mkono kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye joto na harufu ya sabuni. Akaikunjua. Godauni zima likakaa vizuri. Mtu mmoja akatoa kreti la soda lililofichwa nyuma ya magunia, na kitambaa cha meza kikatokea sijui wapi.

Milembe alianza kuitafuta miwani yake, kisha akasita. Akamnyooshea Klementina ile karatasi.

"Soma wewe."

Kule Dar es Salaam, siku ya ile simu, angetamani ardhi ipasuke. Sasa aliipokea. Mwandiko ulikuwa wa shangazi yake, ule ule uliokuwa ukimwandikia barua za shule, na kila mstari ulikuwa umepigiwa rula. Alisimama mahali ambapo kila mtu angemwona, jua la mlangoni likimpiga utosini.

"Ndugu mgeni rasmi," alianza, akasoma kwa Kiswahili, kisha akatafsiri, bila kuruka historia ya kijiji wala jina la mwenyekiti wa kwanza. Profesa alisikiliza, soda mkono mmoja, mbuzi mkono mwingine. Klementina alipofika kwenye matatizo hakupunguza sauti. Alisoma habari ya mto na mchanga na wanawake, akasema wazi kwamba kinachoombwa ni kisima. Kisha akarudia sentensi ile tangu mwanzo, polepole zaidi, kama Milembe alivyoisoma risala ya bati la darasa zamani, yeye akiwa mstari wa mbele.